ETI CHAMA CHA WAPEMBA!

Nani hasa hukizaa chama cha kikanda?

Na Mwandishi Wetu wa Kujitegemea

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha Mtoni, Temeke, Jumapili alasiri. Tumeyachapa kama alivyoyasema. – Mhariri)

 

Niliombwa nizungumze kidogo, nami naanza kwa kujieleza ili asije mtu akadai baadaye kwamba alidanganywa. Mimi si mheshimiwa wala si msomi. Nimeishia kidato cha nne. Nauza habari kwa magazeti, na siku habari isiponunuliwa nalala kama mnavyolala ninyi siku kazi isipopatikana. Kwa hiyo msingoje mhadhara wa Mlimani. Nimekuja na swali moja tu, na swali lenyewe nimeliokota dukani.

Mtaani kwetu kuna duka la Mpemba, kama yalivyo maduka ya Wapemba katika kila kona ya jiji hili. Unga, sukari, mafuta ya kupima, na daftari la mkopo. Jioni moja tulikaa pale barazani tukibishana siasa, nikasema CUF kilipata kuwa chama chenye nguvu katika nchi hii. Mzee mmoja mwenye shati la kijani akacheka sana. "Kile chama cha Wapemba? Wewe nawe umekuwa Mpemba lini?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nilipomtazama mwenye duka, alikuwa ameinamia mizani, anapima upya sukari aliyokwisha kuipima. Hakusema neno. Sisi sote pale tulikuwa na madeni yake, lakini lilipotajwa suala la chama, yeye ndiye aliyeonekana mdaiwa.

Toka siku ile najiuliza: chama kikizoa kura zote za sehemu moja, kosa ni la nani? La chama? La watu wa sehemu hiyo? Au la waliowatawala watu hao mpaka wakafika hapo?

SHERIA INAKATAZA, KURA HAZISIKII

Tuanze na sheria, maana wakubwa wetu wanaipenda sana sheria inapowafaa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 20, inakataza kusajiliwa chama chenye shabaha ya kukuza maslahi ya dini, kabila, rangi au eneo moja, au kinachotaka kuendesha siasa zake upande mmoja tu wa Muungano. Mfumo wa vyama vingi ulipoanza tarehe 1 Julai 1992, Sheria ya Vyama vya Siasa Namba 5 ya mwaka huo iliweka sharti: chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na kati ya hiyo miwili itoke Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Mchungaji Christopher Mtikila alinyimwa usajili kwa miaka mingi kwa sababu chama chake hakikutaka kuutambua Muungano. DP kilikuja kusajiliwa mwaka 2002.

Sasa sikilizeni. CUF hakikuzaliwa Pemba peke yake. Zanzibar kulikuwa na KAMAHURU, yaani Kamati ya Mwelekeo wa Vyama Huru, ya akina Mzee Shaaban Mloo. Bara kulikuwa na Chama cha Wananchi cha James Mapalala. Mwaka 1992 wakaungana. Baadaye mwenyekiti akawa Profesa Ibrahim Lipumba, mchumi, mzaliwa wa Tabora. Mnyamwezi anaongoza "chama cha Wapemba"! Mmepata kuona kabila la namna hiyo?

Kwenye karatasi, basi, chama kilikuwa cha kitaifa kama sheria ilivyotaka. Likaja sanduku la kura. Oktoba 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Pemba ilikuwa na majimbo 21 ya Baraza la Wawakilishi. CUF kikachukua yote 21. Unguja kikapata 3. CCM ikapata 26, yote Unguja. Kwa Urais wa Zanzibar, Dk. Salmin Amour akatangazwa kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.8. Tofauti yao haikufika kura 2,000. CUF kikayakataa matokeo, na waangalizi wa kimataifa nao wakaitilia shaka hesabu.

Hapo ndipo lilipopata nguvu lile jina la "chama cha Wapemba". Lakini angalieni tena hizo tarakimu. Kama CUF kwa viti 21 vya Pemba ni chama cha Wapemba, CCM iliyoambulia sifuri Pemba, viti vyake vyote 26 vikiwa vya Unguja, tuiite chama cha nani? Mbona hilo halikuulizwa?

KARAFUU NA KIBURI

Wapo wanaosema Wapemba ni watu wa ubishi tu, wamezaliwa hivyo. Danganya toto! Hakuna watu wanaozaliwa na kadi ya chama.

Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kwa miaka mingi karafuu ndiyo iliyokuwa hazina ya visiwa vile, na mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali kupitia shirika lake la biashara. Bei ilipokuwa nzuri duniani, mkulima wa Wete alipewa kipande tu cha bei hiyo. Ilipoanguka, mzigo ukamwangukia yeye. Aliyejaribu kuvusha gunia kwenda Mombasa akaitwa mhujumu.

Na kabla ya karafuu kulikuwa na siasa ya zamani. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu. ZNP ilipata 12, na ZPPP ya Muhammad Shamte, iliyokuwa na mizizi Pemba, ikapata 6. Hao wawili wakaungana na kuunda serikali. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaiondoa, na Pemba ikahesabiwa kuwa ngome ya walioshindwa. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi baadaye, ambaye hakuwahi kumpigia Shamte kura, akajikuta anabebeshwa deni la babu yake.

Mwaka 1985 hakukuwa na chama kingine zaidi ya CCM. Mgombea Urais wa Zanzibar alikuwa mmoja, Mzee Idris Abdul Wakil, na Pemba wengi wakampigia kura ya hapana. CUF hakijazaliwa! Maalim Seif, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, alikuwa ndani ya CCM, Waziri Kiongozi. Januari 1988 akaondolewa katika cheo hicho, Mei akafukuzwa chamani yeye na wenzake, mwaka 1989 akawekwa ndani, akatoka mwishoni mwa 1991.

Ndugu zangu, tazameni mpangilio wa mambo hayo. Kwanza watu wameudhika. Kisha mtu wao amefukuzwa. Kisha sheria ya vyama vingi imekuja. Chama kimefika mwisho kabisa, kimekuta mlango uko wazi na nyumba imejaa watu. Wanaosema CUF ndicho kilichowagawa Wazanzibari wanataka kutuaminisha kwamba moshi ndio uliowasha moto.

STELINGI WA HYDERABAD

Tutoke kidogo kwetu tukatazame kwa wenzetu, tuone kama jambo hili ni la Pemba peke yake.

Wengi wenu mmekulia kwenye mabanda ya video, mnazijua filamu za Kihindi kuliko mnavyojua hesabu. Basi India kulikuwa na mcheza filamu mmoja aliyeitwa N. T. Rama Rao. Si wa Bombay, ni wa kusini, jimbo la Andhra Pradesh, ambako watu huzungumza Kitelugu. Alikuwa stelingi hasa! Aliigiza miungu yao mpaka watu wakawa wanamwangalia nusu kama mtu, nusu kama mungu.

Andhra ilitawaliwa na chama cha Congress tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1956. Lakini nani awe kiongozi wa serikali ya jimbo, hilo liliamuliwa Delhi. Katika muda wa miaka mitano hivi, kuanzia 1978, Delhi ilibadilisha viongozi wa jimbo hilo kama mtu anavyobadili shati. Februari 1982, Rajiv Gandhi, mwana wa Waziri Mkuu Indira Gandhi, alitua uwanja wa ndege wa Hyderabad, akamfokea hadharani kiongozi wa jimbo, mtu mzima aliyekuja kumpokea kwa shangwe. Watu wakaona. Wakasema: kama mkubwa wetu anafokewa hivyo, sisi tusio wakubwa tunahesabiwa nini?

Mwezi uliofuata, tarehe 29 Machi 1982, Rama Rao akaanzisha chama, Telugu Desam. Hoja yake ilikuwa heshima ya Watelugu, na mchele kwa rupia 2 kilo. Akaingia kwenye gari lililogeuzwa jukwaa, akazunguka vijijini, akila na kulala humo. Januari 1983, miezi tisa tu baadaye, akapata zaidi ya viti 200 kati ya 294. Congress chali! Hakuwa wa kwanza. Jirani zao wa Madras walikwisha kuing'oa Congress mwaka 1967 kwa chama chao cha DMK.

Je, India ilivunjika? La hasha. Agosti 1984 gavana aliyewekwa na Delhi alimwondoa Rama Rao madarakani. Wananchi wakaja juu, na Septemba akarudi kitini. Chama hicho cha jimbo moja hakijafa. Mwaka 2024 viti vyake 16 vilikuwa miongoni mwa vilivyomwezesha Narendra Modi kuunda serikali ya India nzima.

Kumbe kinachozaa chama cha kikanda ni kile kile Andhra na Pemba: watu wanapoona mambo yao yanaamuliwa mbali, na wakilalamika wanafokewa.

KWA NINI PEMBA, SI MTWARA

Sasa nafika penyewe.

Kwetu, kila chama cha upinzani kilichopata nguvu kimepewa kabila. UDP ya Mzee John Cheyo ikaitwa ya Wasukuma. CHADEMA ikaitwa ya Wachagga. Lakini ni CUF tu, na hicho ni kule Visiwani, kilichofika mlangoni mwa Ikulu mara kwa mara. 1995 asilimia 49.8. 2005 asilimia 46. 2010 asilimia 49. Kwa nini Visiwani na si kwingine?

Jibu ni jepesi na hatulisemi. Zanzibar ina serikali yake ya kugombea. Ina Rais wake, Baraza lake, bajeti yake. Mtu wa Chake Chake akipiga kura, kuna kiti kinachoweza kuhama.

Mtwara je? Mwaka 2013 watu wa Mtwara walisema gesi haitoki mpaka wajue watafaidikaje. Wakapelekewa askari. Watu wakafa, bomba likajengwa, gesi ikaja Dar es Salaam. Mwaka 2015 wakajibu kwa kura: Mtwara Mjini na Tandahimba zikaenda CUF, na jirani zao wa Lindi wakatoa Kilwa zote mbili, Mchinga na Liwale. Wabunge wakaenda Dodoma. Lakini Mkuu wa Mkoa wa Mtwara aliteuliwa na nani? Na Rais. Mkuu wa Wilaya? Na Rais. Mkurugenzi wa Halmashauri? Rais huyo huyo. Mkoa mzima unaweza kuikataa CCM asubuhi, na jioni ukaletewa kada wa CCM awe mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama.

Na hapa kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2015 mimi nilikuwa kidato cha kwanza, lakini nakumbuka shangwe. UKAWA iliposimama pamoja, Temeke na Kinondoni, majimbo mawili ya Dar es Salaam, yalichukuliwa na CUF. Hiki "chama cha Wapemba"! Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde, Wangoni wa Temeke hii wote walikuwa wamegeuka Wapemba usiku mmoja? Mwaka 2016 upinzani ukapata na Meya wa Jiji. Ikawaje? Januari 2020 meya aliondolewa, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa kwa amri ya Rais. Sisi tulidhani tumeshinda kiti. Kumbe kiti kilikuwa cha kuazima, mwenyewe akaja kukichukua.

Tazameni jirani zetu Wakenya. Katiba yao ya 2010 iliwapa kaunti 47, na tangu 2013 kila kaunti inajichagulia gavana. Ufisadi wanao, ukabila wanao, sitaki kuwapamba. Lakini mtu wa Mombasa akichoka na gavana wake anamwondoa kwa kura yake. Wewe wa Temeke ukichoka na Mkuu wa Mkoa, unampelekea nani?

DAMU ISIYO YA KIKANDA

Msinielewe vibaya mkadhani kwa sababu Zanzibar kuna serikali ya kugombea, basi wenzetu walipata mteremko. Watu 18 wa CUF walikaa rumande miaka kwa kesi ya uhaini, mpaka Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliposema kwamba hakuna kosa la uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Januari 26 na 27 mwaka 2001, waandamanaji waliokuwa wakipinga uchaguzi wa 2000 walipigwa risasi. Tume ya Serikali ilihesabu maiti 31. Shirika la Human Rights Watch likasema wasiopungua 35. Watu wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi.

Na tarehe 27 Januari 2015, siku ya kuwakumbuka hao, Profesa Lipumba alikamatwa na polisi hapa hapa Temeke, akiwa njiani kwenda Mbagala Zakhem. Nani kasema habari za Pemba haziwahusu watu wa Mbagala?

Oktoba mwaka huo huo uchaguzi wa Zanzibar ulifutwa na mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa na watu wale wale, siku ile ile, zikahesabiwa halali. Kiini macho mchana kweupe.

NA SISI TUJISEME

Sasa, msinipigie makofi bado, maana linalofuata halitawafurahisha wengine.

CCM haikuiua CUF peke yake. Agosti 2015 Lipumba alijiuzulu uenyekiti, wakati UKAWA ikimsimamisha Edward Lowassa. Mwaka 2016 akarudi kudai kiti. Chama kikawa vipande viwili, mmoja wa Profesa, mmoja wa Maalim, wakashitakiana mpaka Machi 2019 Mahakama Kuu ilipompa Profesa ushindi. Siku ile ile Maalim akahamia ACT-Wazalendo, na Pemba ikamfuata. Bendera zikashushwa, nyingine zikapandishwa. Huko India nako, Agosti 1995, Rama Rao alipinduliwa na mkwe wake mwenyewe, Chandrababu Naidu. Ndiyo hatari ya chama kinachoegemea bega la mtu mmoja.

Na sisi wa Dar? Mbunge wetu wa CUF Kinondoni alijiuzulu mwishoni mwa 2017, akahamia CCM, akarudi bungeni kwa shati la kijani. Wa Temeke akafuata mwaka 2018. Hapa kijiweni tulilaani wiki mbili, tukanyamaza.

Hapo ndipo mnione nilipokusudia. Pemba chama kilipovunjika, watu walibaki, wakabadili jina tu. Mwaka 2020 Maalim alitangaziwa asilimia 19.9, chama chake kikayakataa matokeo, lakini Desemba akaingia katika serikali ya umoja kama Makamu wa Kwanza wa Rais, akafariki Februari 17, 2021. Alikuwa na watu nyuma yake mpaka siku ya mwisho. Temeke na Kinondoni mbunge alipoondoka, aliondoka na kila kitu, kwa sababu chini yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na tawi linalokutana, wala mjumbe anayejua nyumba zake, wala mzee wa kumwambia mbunge "hutoki na kura zetu". Wanawacheka Wapemba kwa kuwa na chama. Sisi tulikuwa na mgombea tu!

Kwa hiyo nawaachieni mambo mawili. La kwanza, anayewaambia chama fulani ni cha watu wa sehemu fulani, muulizeni: watu hao wamekosewa nini, na nani aliyewakosea? Asipojibu, jueni ametumwa. La pili, tunapodai katiba mpya, tusiishie kudai tume huru ya uchaguzi. Tudai pia mkuu wa mkoa tunayemchagua sisi, na tunayeweza kumwondoa sisi. Bila hilo, hata tukizoa majimbo yote ya Dar es Salaam, tutakuwa tunashinda viti vya kuazima.

Jana nilipita dukani kulipa deni langu. Nikamwambia mwenye duka kwamba leo nitazungumza habari za kwao. Akafuta jina langu kwenye daftari, akanitazama, akasema: "Ukifika huko, waambie na sisi bei ya unga inatuuma."

Ndiyo ujumbe wake, nimeufikisha. Sasa ulizeni maswali, na mwenye shati la kijani aanze.